Mwalimu wa Mmisionari: Vijana Wageni katika Mji wa Kale wa Mombasa

Tangu serikali ya Kenya ilipolitambua rasmi Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, mwaka 1991, miji ya nchi hiyo imezoea kuwaona vijana wanaotembea wawili wawili, shati jeupe, tai shingoni, kibandiko cha jina kifuani. Wavulana hutumikia miaka miwili, wasichana miezi 18. Nchi hawaichagui, huandikiwa barua wakatajiwa. Mwenzi wa kutembea naye hawamchagui pia. Hadi mwaka 2012 mvulana hakuweza kutumwa kabla ya kutimiza miaka 19. Tangu hapo 18 inatosha. Na kijana huyo, ambaye pengine juzi tu alikuwa akifuliwa nguo na mama yake, machapisho ya Kiswahili ya kanisa lake humwita "Mzee".

Neno hilo linastahili kutazamwa kwa utulivu. Katika lugha lilikotoka, cheo hicho kimekwisha kupauka kwa matumizi, hata msikiaji hakumbuki tena kwamba asili yake ni umri. Katika Kiswahili mzee hajapauka. Katika Mji wa Kale wa Mombasa mzee ni mtu aliyezika, aliyeozesha na aliyesuluhisha; ni mtu ambaye mtoto akimkuta barazani humwamkia kabla ya kupita. Anayeitwa mzee naye ana umri wa mjukuu amevishwa vazi linaloburura chini: cheo kimemtangulia, na lugha inamdai kitu ambacho bado hajakipata. Kusema hivyo si dhihaka. Ndiyo hali ya kila mmisionari kijana aliyewahi kushuka kisiwani humo, wa madhehebu yoyote. Alikuja na cheo cha mwalimu, akajikuta mwanafunzi.

Mji wenyewe humweleza hivyo kwa njia yake. Kibao cha barabara ya Ndia Kuu, inayoanzia karibu na Ngome ya Yesu, humwambia mgeni anayejua kusoma kwamba Kiswahili alichofundishwa kitabuni sicho hiki, maana kitabu kilimfundisha "njia". Kisha kuna baraza. Baraza la nyumba ya Mji wa Kale liko nje ya nyumba lakini ndani ya heshima yake. Mgeni akipiga hodi hukaribishwa, huletewa kahawa, husikilizwa na hujibiwa kwa upole. Na anaweza kuendelea kukaribishwa hivyo miaka kumi bila kuvuka kizingiti. Mmisionari asiyeuelewa ufasaha huu wa mawe na chokaa huandika katika shajara yake kwamba watu ni wakarimu na kwamba mavuno yamekaribia.

Shajara hiyo ndiyo inayomhusu mhakiki. Wamisionari wa zama zote wameandika sana: barua za nyumbani, taarifa kwa chama kilichowatuma, vitabu vya safari. Utanzu huu una kanuni yake isiyotamkwa. Msafiri ndiye anayefundisha. Wenyeji ndio wanaofundishwa. Kwa hiyo tukio moja hufupishwa daima, nalo ni lile la msafiri mwenyewe kuketi mbele ya mtu na kusahihishwa matamshi. Katika kurasa mia tatu za safari, milima na homa, tukio hilo hupewa sentensi mbili. Lakini bila hilo kurasa nyingine zote zisingaliandikwa.

Johann Ludwig Krapf ni mfano wa mwanzo. Mjerumani huyu wa Württemberg, aliyekuwa akikitumikia Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na miaka 34, na barua ya Sayyid Said mkononi. Tarehe 8 Juni mwaka huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Muhidini. Wiki tano baadaye, tarehe 13 Julai, Rosina mkewe alikufa kwa homa, na mtoto wao wa kike aliyekuwa na umri wa siku chache tu akamfuata. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Kazi ya tafsiri iliendelea. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847, sarufi ikatoka mwaka 1850, na kamusi kubwa mwaka 1882, Krapf akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Wasomaji wengi hustaajabu kwamba kadhi wa Kiislamu alimsaidia mtu aliyekuja kuwabadili watu dini. Ajabu hiyo hutoweka mara jambo linapotazamwa kutoka upande wa baraza. Adamu, Nuhu na Ibrahimu hawakuwa wageni kwa kadhi. Mgeni alikuwa Krapf. Mtu aliyekuja kuomba kufundishwa maneno ya Kiswahili kwa visa ambavyo kadhi mwenyewe alivijua tangu utotoni hakuonekana adui. Alionekana mwanafunzi, na mwanafunzi hafukuzwi. Krapf naye aliyapokea maneno akaikataa hati. Aliteua herufi za Kirumi badala ya hati ya Kiarabu ambayo Waswahili walikuwa wakiiandikia tungo zao, na sababu hakuificha: aliogopa kuufungulia Uislamu mlango wa bara. Mwanafunzi huyu, basi, alichukua somo akaacha daftari la mwalimu wake.

Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, akiwa na miaka 26, akakaa takribani miaka 29, sehemu kubwa kule Rabai. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu. Lakini aliyevuka kizingiti, au aliyekikaribia kuliko wenzake, ni mwingine.

William Ernest Taylor alizaliwa Worcester, Uingereza, mwaka 1856, akatumwa na CMS mwaka 1880. Alikuwa na miaka 24, yaani umri usiopishana sana na wa hao wanaovaa vibandiko leo. Shughuli za misheni wakati huo zilikuwa zaidi upande wa bara: Rabai, na Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru ambayo kengele yake imeiachia Kengeleni jina hadi leo. Kisiwa kilikuwa cha Waislamu, na misheni haikuwa na matumaini makubwa nacho. Taylor alikitegea sikio kisiwa. Alihubiri hadharani mjini, watu wakamsikiliza, na waliobatizwa kwa mahubiri hayo walikuwa wachache mno. Kwa hesabu ya chama chake, mtu huyo hakuvuna. Kwa hesabu ya fasihi ya Kiswahili, hakuna mmisionari aliyevuna kumshinda.

Sababu ni mwalimu aliyempata. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alikuwa mwanachuoni na mshairi wa Mombasa. Jina lake ni kiini macho kwa msomaji wa leo: mtu aitwaye "Sikujua" ndiye aliyejua. Alichojua hasa ni tungo za Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyeishi takribani kati ya 1776 na 1840, mshairi wa Mombasa ya Wamazrui katika miaka ya ugomvi wao na Sayyid Said. Utawala wa Wamazrui ulianguka mwaka 1837. Muyaka akafa miaka mitatu baadaye. Krapf alipowasili, kaburi la mshairi lilikuwa na umri wa miaka minne tu. Taylor alipowasili, ilikuwa imepita miaka 40.

Miaka 40 ni mingi kwa shairi la tukio. Muyaka hakutunga kwa ajili ya kitabu. Alitunga kumjibu mtu, kumchokoza mtu, kulia njaa, kusifu jahazi, kumtania mwanamke, kuitisha vita. Shairi la namna hiyo likitengwa na tukio lake hugeuka kitendawili, na wazee wanaojua jibu wanapokwisha, kitendawili nacho hakiteguliki. Tena kuna suala la hati. Hati ya Kiarabu, jinsi ilivyotumiwa pwani wakati huo, haikutenga vizuri sauti zote za Kiswahili: irabu ya o na ya u huweza kuandikwa kwa alama moja, na vivyo hivyo i na e. Aliyelisoma shairi sawasawa alikuwa mtu aliyekwisha kulijua. Kwa maneno mengine, maandishi yalikuwa msaada wa kumbukumbu tu. Yasingeweza kushika nafasi yake. Mswada bila Sikujua ulikuwa nusu ya shairi.

Sikujua alizikusanya tungo, akaziandika na kuzifafanua. Taylor akazihamishia katika herufi za Kirumi pamoja na maelezo. Hapa sikio lake ndilo linalostahili sifa. Kimvita hutenganisha sauti ambazo tahajia ya kawaida huzichanganya. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, lakini Mswahili wa Mombasa hayatamki sawa: p ya mnyama husindikizwa na pumzi, ya nyumba haina pumzi. Taylor aliziwekea sauti hizo alama, pamoja na t na d za menoni ambazo lahaja hiyo huzitenga na zile za ufizi. Alama hizo humchosha msomaji. Lakini kila moja ni ushahidi wa asubuhi fulani ambapo kijana wa Kiingereza alitamka neno vibaya, mtu akamwambia, "Siyo hivyo."

Wahakiki wamegawanyika kuhusu watu wa aina ya Taylor. Kuna wanaomtazama kama mkono wa ukoloni, na hawana budi kusikilizwa: Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake mwaka 1888, himaya ikatangazwa mwaka 1895, na ujuzi wa lugha ulikuwa silaha mojawapo ya waliokuja kutawala. Kitabu chake cha methali za Waswahili, kilichochapishwa London mwaka 1891, hakikukusudiwa kusomwa barazani. Kuna wengine wanaomtazama kama mwokozi wa Muyaka. Hoja hii ya pili ndiyo dhaifu zaidi, ingawa ndiyo yenye adabu. Inamfanya Sikujua kuwa chombo, kana kwamba tungo zilikuwa zimelala mchangani zikingoja mpita njia aziokote. Mtu hawezi kuokoa kitu ambacho hakijahifadhiwa na mwingine. Uteuzi wa kwanza, yaani lipi likumbukwe na lipi liachwe, lipi lisomwe mbele ya kasisi na lipi linyamaziwe, ulikuwa wa Sikujua. Kila anayehakiki diwani ya Muyaka leo anahakiki pia ladha, na huenda haya, ya mwalimu huyo.

Taylor aliondoka Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1915 tafsiri yake ya Al-Inkishafi ilitoka ndani ya kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. Alikufa mwaka 1927. Mwaka uliofuata, mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe uliamua kwamba Kiunguja, na si Kimvita, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sehemu za Injili ambazo Taylor alizitafsiri kwa Kimvita zikabaki kuwa mali ya maktaba. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake kwa shule na magazeti, na hapana haja ya kuulilia upya. Lakini ulibadili jambo moja katika maisha ya kijana mgeni: ulimwondolea ulazima wa kuwa na mwalimu wa mtaa.

Mmisionari wa Kimormoni anayepangiwa kuhubiri kwa Kiswahili hufundishwa lugha hiyo darasani kabla ya kwenda zamu yake. Tangu mwaka 2000 amekuwa na Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni sanifu, kinachoeleweka Kisumu, Mwanza na Bukavu. Wengi wa vijana hao siku hizi ni Waafrika wenyewe, na Mkenya wa bara aliyepangiwa pwani huenda akawa mgeni wa Ndia Kuu sawa na yule wa Utah. Ana miaka miwili tu, na huweza kuhamishwa kituo baada ya miezi michache. Anaandika shajara; kanisa lake humhimiza aandike. Itakuwa shajara ya namna gani? Mtu anayejua maneno yote ya kutosha kwa ujumbe wake hana sababu ya kumuuliza muuza kahawa kwa nini amesema "ndoo" na si "njoo". Na muuza kahawa, kwa adabu ya pwani, hatamsahihisha asiyeomba kusahihishwa. Atamwita Mzee kama anavyotaka kuitwa, na kumjazia kikombe.

Tungo zilizotokana na barua na daftari za Sikujua na Taylor zilitolewa kitabu mwaka 1940 huko Johannesburg, chini ya uhariri wa William Hichens: Diwani ya Muyaka. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alizirudia katika utafiti wake mkubwa, na vizazi vya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimemjua Muyaka kwa kupitia vitabu hivyo viwili. Katika tasnifu nyingi, tanbihi husema "mkusanyo wa Taylor" au "chapa ya Hichens". Hichens alikuwa mhariri, na Taylor alikuwa mwanafunzi. Miswada yenyewe imo London, katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, na ndani yake mna kurasa zinazosomwa kutoka kushoto na kurasa zinazosomwa kutoka kulia.