Ukuta wa Jikoni

Nimetakiwa niandike jambo la kuwafaa vijana wetu wanaonunua nyumba hapa Ohio. Nitaandika juu ya ukuta, kwani ukuta umenitia aibu.

Mwanangu alitaka kufungua uwazi wa futi 6 baina ya jiko na sebule, ili wanaopika siku ya hitima wasitengwe na wenzao. Akataka kwenda manispaa kuomba kibali. Mimi ndiye niliyesema, "Kibali cha nini? Ukuta wenyewe mbao na jipsamu, ukiugonga unalia kama debe." Akilini mwangu zilikuwamo nyumba zetu za Unguja, za mawe na chokaa, unene wa ukuta dhiraa na zaidi. Huu kwangu haukuwa ukuta, ulikuwa pazia.

Akaja fundi mmoja, akakata mbao za kusimama, akapachika ubao juu ya uwazi na kuupigilia misumari ubavuni. Siku mbili kazi imekwisha. Haukupita muda mlango wa chumba cha juu ukawa haufungi, na ufa ukatambaa darini. Chumba hicho ndicho wanacholala wajukuu wangu wawili.

Basi tukaenda manispaa kukiri. Mkaguzi hakutukaripia. Alianzia chini kabisa, katika chumba cha chini ya ardhi, akatazama boriti za sakafu zimeelekea wapi. Boriti za ghorofa ya juu zilikuwa zimelalia ukuta ule ule tuliouita pazia.

Alitueleza kwamba linta, ambayo mafundi wa huku huiita heda, si kitu bila ya kinachoishika ncha zake. Yetu ilitakiwa mbao mbili za inchi 2 kwa 12 zilizounganishwa, na kila upande nguzo fupi mbili ziitwazo jeki, zisimame chini ya linta, zikiegemea nguzo ndefu inayotoka sakafuni hadi juu. Ubao uitwao inchi 2, ukiupima, unene wake ni inchi moja na nusu (nimefundisha hesabu miaka mingi, hili bado linanikera), kwa hiyo linta hukalia inchi 3 kila ncha. Na chini ya nguzo, ndani ya sakafu, hujazwa vipande vya mbao ili uzito ushuke mpaka msingini. Linta ya fundi wetu ilining'inia kwa misumari.

Hayo yamo katika kanuni za nyumba za kuishi zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, na hurekebishwa kila miaka mitatu. Kila jimbo au mji huzipitisha kwa mabadiliko yake, basi ulizeni mjini kwenu. Mna jedwali: upana wa nyumba, ghorofa zilizo juu, na kwa ukuta wa nje uzito wa theluji, jibu lake ni ukubwa wa linta na idadi ya jeki. Ukuta usiobeba kitu masharti yake ni mepesi, ubao mmoja wa kulaza waweza kutosha. Lakini ukuta ubebao haujulikani kwa kugongwa.

Nami nilipaswa kujua. Kwetu boriti ya mkoko iliingizwa ndani ya ukuta, ikalala juu ya mawe. Nani aliwahi kuitundika kwa misumari?

Kazi imerudiwa, dari ikishikiliwa kwa nguzo za muda. Mlango wa wajukuu sasa unafunga, tena wanaubamiza. Ada ya kibali nimeilipa mimi.