ZIMA INJINI USIKIE

Leo nasema na wewe unayebeba mahindi au miwa kati ya Kitale na Bungoma, na wewe mama ambaye mume wako anaendesha lori. Hata kama huna lori, usipite.

Watu huniletea malori niyaombee. Naomba kwa furaha. Lakini siku hizi, kabla sijaweka mkono, namwambia dereva: zima injini kwanza tusikie.

Kwa nini? Breki za lori kubwa zinatumia upepo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza matangi mpaka geji inafika kama psi 120. Paipu ikivuja kidogo injini ikinguruma, kompresa inarudisha kile kinachopotea. Geji haishuki. Unaona uko sawa, kumbe unavuja.

Fundi mmoja, mshirika wetu hapa Kitale, alinionyesha jinsi ya kupima. Simamisha lori mahali tambarare, weka mawe kwenye tairi. Jaza upepo, zima injini, achilia handibreki. Geji ikitulia, hesabu dakika moja. Kwa madereva wa Marekani, lori lisilo na trela halifai kupoteza zaidi ya psi 2, lenye trela 3. Kisha kanyaga breki, ushikilie dakika nyingine: hapo ni 3 na 4.

Ukisikia "ssss" ukikanyaga tu, anza na valvu ya pedali, hosi za breki na daiframu za busta. Ukisikia hata bila kukanyaga, tafuta kwenye matangi, viungo vya paipu na upande wa springi. Paka maji ya sabuni. Povu likifura, ndipo hapo. Mwaga upepo wote kabla ya kufungua kiungo. Hosi iliyochakaa ibadilishwe, usiifunge kwa mpira wa tyubu. Na busta yenye springi usiifungue mwenyewe: ile springi imebanwa kwa nguvu ya kuua. Hiyo mwachie fundi anayeijua.

Sasa nisikilize vizuri. Upepo ukiisha, springi hizo zinafunga magurudumu zenyewe. Huo ni ulinzi. Lakini wengine wakikwama usiku wanazibana kwa bolti ili safari iendelee. Ndugu yangu, ukishuka kuelekea daraja la Kamukuywa hivyo, na mzigo mgongoni, utashikwa na nini? Maombi yangu hayakazi nati. Mungu amekupa masikio, mikono na sabuni. Vitumie. Na wewe mwenye lori, dereva akisema breki zinavuja, usimwambie "fika kwanza."

Na wewe usiye na lori? Jumapili ibada, Jumatano maombi, Ijumaa kesha, Jumamosi kwaya. Injini inanguruma wiki nzima, na geji yako mbele ya watu iko juu. Lakini nyumbani hamsemezani. Shughuli zinajaza kile kinachovuja, kwa hiyo husikii. Leo jioni weka simu chini. Nyamaza mbele za Mungu, halafu muulize mwenzako: ni nini kinapungua kwetu? Akijibu, usijitetee. Pale povu linapofura ndipo pa kukaza.

Dereva, andika hapa chini unaelekea wapi leo, nikuombee kwa jina la njia yako. Ila pima kwanza.