Kikombe Changu

Binti yangu mwenye miaka 9 hunusa kikombe changu kabla ya kuketi kunywa chai nami. Hufanya haraka, akidhani simwoni. Simkemei, mazoea hayo aliyapata kwangu.

Kwa miaka minne nilikunywa tembo la mnazi kutoka katika birika la chai, chumbani, mlango umefungwa. Nikitoka nje nilikuwa mke wa watu, na buibui langu na heshima zangu. Dada zangu, mwanamume mlevi huokotwa njiani akaonewa huruma. Mwanamke hufungiwa ndani, wageni wakaambiwa anaumwa kichwa. Mama alinisitiri hivyo, Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake, lakini sitara ile nusura iniue.

Nilipotubia, niliacha kwa siku moja. Usiku wa pili mikono ilitetemeka, jasho likanitiririka, nikaanguka kwa kifafa. Shangazi alisema ni shetani, nikasomewa. Hospitalini daktari akatueleza tusilolijua: mwili uliozoea kileo kingi ukikatiwa ghafla huweza kupatwa na kifafa katika siku mbili za mwanzo, na wengine hufa. Huhitaji dawa na uangalizi. Laiti Mama angeuliza mapema! Lakini angemuuliza nani, naye ameficha?

Hii ni Ramadhani yangu ya pili. Juzi nilimwambia binti yangu jina la kitu anachokinusa. Akanyamaza, kisha akauliza, "Bibi anajua?"

Jana alikinusa tena kikombe, akanimiminia chai.