Kikombe cha Ghala

Leo tunawasimulia kazi yetu ya kwanza hapa Uganda, sisi wawili, baba na mama wa nyumba.

Tulipovuka kutoka Kasindi tulilala Bwera, halafu mama mmoja wa Kasese akatupokea. Tulikula bundu ya muhogo kwake, hakutuuliza hata siku moja tutaondoka lini. Baadaye tukapata chumba chetu.

Mei 2020 mto Nyamwamba ukafurika, ukabomoa nyumba nyingi. Ghala moja la msaada likatafuta watu wa kupima unga na maharagwe. Tukaingia.

Siku ya kwanza tu, tukamwona yule mama kwenye mstari, mfuko mtupu mkononi, macho chini. Tulitamani kumwongezea vikombe viwili. Lakini nyuma yake walisimama wengine wenye watoto, na kipimo kilikuwa kimoja. Tukampimia sawa na wote. Jamani, aibu ilitushika!

Jioni tukampelekea unga wa nyumbani kwetu. Akacheka: "Kumbe leo mgeni ni mimi!"

Ndugu, kikombe cha ghala ni cha wote. Deni la wema tulipe kwa chungu chetu wenyewe.