Kwenda na Kurudi

Yako maneno tuliyoyazoea hata masikio yetu hayayapokei tena. "Kwenda na kurudi" ni mojawapo. Mimi nimeyasikia upya mwezi huu wa Novemba, nikiwa barazani kwetu Bagamoyo, daftari mapajani, nikipiga hesabu ya safari ya Berlin.

Nataka kuziona njia alizopita Mtoro bin Mwinyi Bakari. Wapenzi wa lugha mnamjua: mwana wa Dunda, jirani na mji wetu, mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1903 huku jina la Carl Velten likitangulia. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki.

Hesabu ya mwalimu wa sekondari haina mbwembwe. Julai, Agosti na Desemba nauli hupaa. Februari hushuka, kwa kuwa baridi ya kule haina washabiki. Kutoka Dar es Salaam nitabadili ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul, na nikikubali kukesha uwanjani, bei huzidi kulainika. Nikishukia Frankfurt, basi la usiku litanifikisha Berlin kwa fedha kidogo kuliko treni. Malazi ninayo: mwanafunzi wangu wa zamani ana godoro la ziada. Ada ya viza ni euro 90, nayo hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Kwa hiyo tiketi hainunuliwi kabla ya viza; mtu huweka nafasi tu, akasubiri.

Kutembea kwenyewe hakuna kiingilio. Nitapita Unter den Linden, kwenye chuo kikuu ambacho Seminari ile ilikuwa chini yake. Kisha nitakwenda Wedding, mahali ambapo mwaka 2024 sehemu ya barabara iliyoitwa Petersallee ilipewa jina la Maji-Maji-Allee. Neno letu hilo, lililobeba vilio vya kusini kwetu, limeandikwa kibaoni bila tafsiri. Nataka kulisoma kwa sauti nikiwa nimesimama chini yake, hata wapita njia wakinishangaa.

Kalamu ilikwama kwenye fomu ya viza. Inataka ushahidi kwamba nitarudi kwetu: barua ya mwajiri, taarifa ya benki, hati ya nyumba. Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja huku. Serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kuingia nchini kama mume na mke. Wakageuzwa. Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Mimi nadaiwa ushahidi wa kurudi. Yeye alirudi kwa mwili wake, na mwili wake haukutosha kuwa ushahidi. Nimejaribu kulitungia shairi jambo hili, lakini kila beti inageuka kuwa barua ya maombi.

Limebaki la fedha. Akiba niliyoiweka kwa miaka miwili ilikuwa ya mabati, na mama anajua.

"Mwanangu, huyo Mtoro amekufa siku nyingi," aliniambia. "Masika hayamngojei."

Sikuwa na jibu. Nilimsomea mahali Mtoro anapoeleza desturi za mtoto kuzaliwa, akanikatiza mara mbili kusahihisha, kana kwamba mwandishi yupo chumba cha pili. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Jana, vuli ikinyesha, aliniuliza kama tiketi ya kwenda tu ni nusu bei. Nikamweleza kwamba si hivyo. Mara nyingine huizidi hata ile ya kwenda na kurudi.

"Basi kata ya kurudi," akasema, akainuka kwenda kusogeza ndoo chini ya panapovuja.