Kumalizana barabarani

Wadau, kipupwe kimeshika huku Vuga. Ukungu mzito, njia inateleza, magari yanagusana ovyo. Juzi mjomba kagongwa kwa nyuma. Jamaa akasema, "Mzee, tumalizane tu, shika elfu hamsini." Mjomba kapokea. Fundi kufungua bampa, kumbe na chesisi imepinda!

Jamani, Sura ya 169 ya sheria zetu inalazimisha gari liwe na bima, angalau ile ndogo. Kwa kawaida hiyo hulipa hasara ya uliyemgonga, siyo ya gari lako. Ila kampuni itataka ripoti ya trafiki. Mkishatawanyika, utadai kwa nani? Piga picha, andika namba za gari, ita trafiki. Pole mtapeana baadaye.