Hata Rembrandt alisahau kugeuza

Nimekuwa kimya kwa sababu mvua ya huku Roret ilitukatia stima siku tatu. Basi leo hakuna programu, nina kisa cha mpwa wangu.

Nilikuwa natengeneza saketi ya kupima unyevunyevu shambani kwenye chai. Ubao wake una utando wa shaba. Unaufunika kwa wino wa maka peni pale unapotaka shaba ibaki, unautia kwenye kloridi ya chuma, na shaba iliyo wazi inaliwa. (Dawa hiyo usiimwage kwenye sinki, tafadhali.) Kijana, ambaye hajachora chochote tangu arudishwe nyumbani kwa karo, akaniuliza, "Mjomba, naweza kuchora uso wangu hapo?"

Nikamwambia ndiyo kazi aliyoifanya Rembrandt kule Leiden, Uholanzi, akiwa kijana. Alipaka bamba la shaba nta, akachora kwa sindano, asidi ikala mistari, akajaza wino na kukandamiza karatasi juu yake. Kielelezo cha bure kilikuwa uso wake kwenye kioo. Mwaka 1630 alijichora akicheka, akikasirika, akitoa macho; picha nyingine hazizidi sana kiberiti kwa ukubwa.

Mpwa wangu akapaka wino ubao mzima, akachora kwa sindano, upande wa nyuma akaufunika kwa seloteipu. Tukaungoja kwenye dawa, tukaosha, tukapaka wino, tukasugua karatasi mbichi kwa mgongo wa kijiko. Uso ukatoka! Pua yake hasa. Lakini jina lake chini lilikuwa kinyumenyume. Akaiweka karatasi mezani, akasema tuutupe ubao.

Mimi nimeharibu mbao ngapi kwa kosa hilohilo sitawaambia. Nikamfungulia simu, nikamwonyesha picha ambayo Rembrandt alijichora mwaka 1629, alipokuwa na miaka 22 au 23. Mistari imeparuzwa ovyo kama ya kuku. Na sahihi, herufi R, H, L pamoja na mwaka, zote zimetoka kinyume, kwa kuwa aliziandika kawaida kwenye shaba. Nakala zinazojulikana zimebaki mbili tu, moja Amsterdam, nyingine London.

Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akabandua seloteipu, kwani ubao ule una shaba pande zote mbili, akaenda kusimama mbele ya kioo cha kabati akijaribu kuandika jina lake kutoka kulia.

Saketi ya chai itangoja.